Alama Chini ya Mtutu

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, bibi harusi aliingia kituo cha polisi amenyoosha mikono yote miwili mbele yake, kama mtu aliyebeba sinia lisiloonekana. Konstebo Salad, aliyekuwa zamu mezani, aliinuka kumzuia.

"Usiniguse!" alisema msichana. "Hina haijakauka. Nataka baba yangu."

Alikuwa Salme, binti wa Faki Abdurahim, mwenye duka la rejareja kule Pumwani. Mwali hatoki nje siku ya ndoa yake, kila mtu anajua hivyo, lakini huyu alikuwa amejitupia buibui, akaruka shangazi watatu mlangoni na kuja mbio. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Inspekta Nasike alitoka ofisini kwake na kikombe cha chai. Mwanamke huyu wa makamo alikuwa na sifa mbili katika Eastlands nzima: hapandishi sauti, na haachi chai ikapoa. Alitoa leso, akamfuta Salme machozi, akampangusa na pua vilevile, maana hakuna mwingine ambaye angeifanya kazi hiyo.

"Nikaha ni saa ngapi?"

"Saa kumi alasiri. Baba mdogo anasema ataniozesha yeye. Mimi nimekataa. Kama baba yangu hayupo pale kwenye mkeka, siolewi, na wapishi wawagawie majirani pilau yao."

"Usiseme maneno mazito kabla ya saa nne," alisema Nasike. "Rudi nyumbani ukakae. Mimi nitafanya kazi yangu."

Kazi yenyewe ilikuwa imelala juu ya meza ya ofisini tangu Alhamisi. Bunduki ya gumegume, ndefu kuliko Konstebo Salad, ile aina ya kizamani inayowashwa na cheche za jiwe. Ilikuwa ya marisaa, zile risasi ndogondogo za kuwindia kanga. Tundu lake la baruti lilizibwa kwa madini ya risasi tangu enzi za mkoloni, kwa hiyo haikuweza kuua hata panya, na hakuna askari aliyewahi kumsumbua Faki kuhusu leseni. Ilikuwa ikining'inia ukutani nyuma ya kaunta yake, juu ya magunia ya mchele. Kwenye bamba la mtambo, upande wa kulia, paliandikwa kwa herufi za kizungu: T. HARWELL, LONDON.

Hilo jina ndilo lililomtia Faki ndani. Bwana mmoja aitwaye Dedan, mwenye duka la vitu vya kale mjini, alileta barua ya mashtaka iliyopigwa taipu. Alisema bunduki hiyo ni yake, aliinunua London Januari ya mwaka uliopita, wa 1982, na ikaibwa dukani kwake mwezi wa Mei. Barua ilitaja urefu wake, jina la fundi, maua ya shaba kwenye kitako na ufa mdogo karibu na mtambo. Yote yalilingana. Faki naye, alipoulizwa, alisema bunduki ilitengenezwa na babu wa baba yake, huko Mombasa. Sajini aliyemkamata alimwonyesha neno LONDON, akamwuliza kama London iko Kisauni.

Nasike aliipitisha leso yake ileile juu ya kitako. Ikatoka nyeusi. Akainusa, kisha akamsogezea Salad.

"Kiwi, madam," alisema Salad bila kufikiri. "Kiwi nyeusi ya viatu."

"Nani mwingine anapaka mbao Kiwi?"

Salad alitafakari. "Wachongaji. Wale Wakamba wa Gikomba. Wanapaka mti wowote Kiwi, mtalii anaambiwa ni mpingo."

"Basi huenda London ni Gikomba, na babu wa Mombasa naye ni Gikomba," alisema Nasike, na baridi kidogo ikamwingia moyoni. Kama bunduki ilichongwa juzi kwa ajili ya watalii, Dedan alikuwa mwongo, lakini Faki pia. Na mwongo wa pili hangetoka ndani kabla ya Jumatatu.

Alimaliza chai. "Twende Buruburu kwanza. Lete kitabu chako cha maelezo. Leo utaandika mpaka mkono ufe ganzi."

Bwana Dedan aliwapokea nyumbani kwake, Buruburu, akiwa na gauni la kulalia la hariri na furaha tele. Aliwakalisha kwenye makochi ya ngozi.

"Madam Inspekta! Nakabidhiwa mali yangu leo?"

"Karibu tu, bwana. Kuna kijisehemu cha makaratasi. Wewe ni mtaalamu, mimi wa kujifunza. Bunduki kama ile inatunzwaje?"

Hakuna kitu kinachomlegeza mjuaji kama kuombwa somo. Dedan alikunja miguu. "Mafuta, madam. Mimi kila mwezi naifungua yote, naisafisha, naipaka mafuta, nairudisha. Vitu vya kale ni kama watoto."

"Unaifungua yote? Hata mtutu unautoa kwenye mbao?"

"Yote!"

"Na mtutu ukitoka, chini yake kwenye mbao kuna nini? Nauliza ili tusije tukaharibu."

Dedan alipitisha kiganja juu ya meza. "Hakuna kitu. Mbao safi, laini kama meza hii. Fundi wa London, madam, hafanyi kazi ya kubabaisha. Ni mti wa Ulaya mtupu, mwanzo hadi mwisho."

"Kitako unakipaka nini?"

"Mafuta maalumu. Yanatoka Uingereza."

"Konstebo ameandika yote. Tia sahihi hapa, na hapa pia, hapa kwenye mti wa Ulaya."

Alitia sahihi kwa madaha, akaikamilisha kwa mkia mrefu. Nasike alifunga karatasi ndani ya bahasha mbele yake na kuandika saa: nne na dakika ishirini.

Ndani ya Landrova alimwuliza Salad, "Umeona nini?"

"Makochi, madam. Yale makochi ni noma."

"Mimi nimeona barua. Isome tena. Jina liko upande wa kulia. Maua ya shaba yako upande wa kulia. Ufa mdogo karibu na mtambo, kulia. Upande wa kushoto kuna kiraka cha bati chenye misumari saba, mtu hawezi kukosa kukiona akiishika. Hakukitaja. Hayo ni maelezo ya mtu aliyesimama mbele ya kaunta akinunua sukari."

"Lakini kusimama kwenye kaunta si hatia."

"Ndiyo maana tumemwacha na makochi yake."

Mzee Faki alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, kanzu imemkunjamana, kofia bado imesimama wima kichwani. Alikuwa mtu mfupi mwenye majivuno ya watu wawili warefu.

"Mwanangu Inspekta, bunduki ile aliitengeneza Fundi Abdurahim, babu wa baba yangu. Mombasa nzima hapakuwa na fundi wa mbao kama yeye. Mtambo na mtutu vilikuja na meli, sikatai, chuma ni cha Wazungu. Lakini mwili wake, ule mwili, ni wa kwetu. Huyo bwana amekuja dukani kwangu mara tatu kutaka kuinunua. Mara ya tatu nilimwambia akamnunue mkewe."

"Maneno hayo yangekaa vizuri zaidi mdomoni, mzee."

"Najua. Yalitoka."

"Unaipaka nini?"

"Kiwi. Kila Idd, pamoja na viatu vyangu. Mara mbili kwa mwaka tangu nihamie Pumwani, mwaka wa arubaini na tisa."

Salad aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu. Nasike hakuonyesha kitu. Maneno ya mahabusu ni maneno, nayo yanahitaji shahidi.

"Ukitoa mtutu kwenye mbao, chini yake kuna nini?"

Uso wa Faki ulibadilika, akawa kama mtoto aliyeulizwa jambo la siri. "Baba alinionyesha mara moja, nilikuwa na miaka saba. Kuna alama. Mistari mitatu inakutana mahali pamoja, mfano wa mguu wa kuku, na mmoja mfupi umekata kisigino. Ni sahihi ya Fundi Abdurahim. Hakujua kusoma."

"Chora."

Alichora. Akatia sahihi. Bahasha ya pili ikafungwa: saa tano na nusu.

"Saa kumi, mwanangu," alisema Faki, na kwa mara ya kwanza sauti ilimpungua. "Nina binti mmoja tu."

Fundi wa silaha wa polisi alikuwa likizo, Kakamega, akizika mjomba. Lakini Nasike alikuwa na swali la mbao zaidi ya la chuma, na kuhusu mbao alijua pa kwenda. Kibanda cha wachongaji karibu na Gikomba kilikuwa na wanaume kama ishirini, kila mmoja ameketi chini na tezo la kuchongea, miguu imekumbatia twiga, kifaru au mzee mwenye fimbo. Makopo ya Kiwi yalipangwa ukutani kwa dazeni. Nasike aliyatazama makopo yale kwa muda, na wanaume walimtazama yeye akiyatazama.

"Nani mkubwa hapa?"

Aliinuka mzee mwembamba mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. "Mimi Maingi. Kama ni leseni ya biashara, iko. Imeliwa na panya upande mmoja, lakini iko."

"Si leseni. Nataka kujua ni nani kati yenu aliyechonga hii." Akafungua blanketi.

Kibanda kizima kilicheka. Maingi hakucheka. Aliipokea bunduki kwa mikono miwili, akaigeuza upande wa kushoto, akagonga kiraka cha bati, akakuna kitako kwa ukucha.

"Aiya! Nani amepakapaka mtoto wa watu hivi? Hii Kiwi si yetu."

"Kiwi ina kabila?"

"Sikia, mama. Sisi tunapaka twiga mara moja, tunang'arisha, kesho twiga ameenda Ujerumani. Angalia hapa." Alichukua kisu chembamba na kukwangua kwenye mchongo, chini ya ua la shaba. Kikatoka kipande cheusi, kigumu, kinene kama ukucha wa dole gumba. "Ya juu ni laini, ya chini imekuwa jiwe. Hii ni Kiwi juu ya Kiwi juu ya Kiwi. Miaka ishirini, thelathini. Huyu mtu hana kazi nyingine?"

"Anasherehekea Idd," alisema Salad.

Nasike alihesabu kimoyomoyo. Mtu hawezi kuirundika Kiwi ya miaka thelathini juu ya kitu alichokinunua London mwaka jana. Baridi ile ya asubuhi ikamtoka. "Na mti? Ni mti wa Ulaya?"

Maingi alikwangua tena, ndani zaidi, mpaka rangi nyekundu ya mbao ikaonekana. Akanusa. Akampa jirani yake, naye akanusa, akatikisa kichwa.

"Mbambakofi," alisema Maingi. "Ndiyo hii ya milango mikubwa ya Mombasa. Nilikaa Changamwe miaka minane, najua harufu yake kuliko harufu ya mke wangu. Ulaya hakuna mbambakofi."

"Andika, Salad. Mzee Maingi, sasa nataka uutoe mtutu. Polepole. Hakuna aliyekuambia kilicho chini?"

"Nani aniambie? Nimewaona leo."

Alisukuma vijiti vitatu vya chuma vilivyoshikilia mtutu, akalegeza skrubu moja ya nyuma kwa tone la mafuta ya taa na matusi ya Kikamba, kisha akainua. Mtutu ulitoka na vumbi la miaka mingi. Maingi alipuliza mfereji wa mbao, akauelekeza kwenye mwanga wa mlango.

Mistari mitatu. Na mmoja mfupi umekata kisigino.

Nasike alifungua bahasha ya Faki na kuuweka mchoro kando ya alama. Salad alipiga mluzi. Kwa kazi ya polisi, mambo yalikuwa yamekwisha: aliyejua kilichofichwa ndiye mwenye mali. Lakini Maingi alikuwa bado ameinama pale pale.

"Mama," alisema taratibu, "mwenye bunduki hii ni nani?"

"Mswahili wa Pumwani, mwenye duka la mchele, anaoza binti yake leo saa kumi. Anasema aliyechora hiyo ni babu wa baba yake."

Maingi aliokota tezo lake na kumwonyesha mpini. Alama ileile ilikuwa imechomwa hapo kwa moto: mguu wa kuku, kisigino kimekatwa.

"Hii ni alama ya mbai yetu, ukoo wetu. Tunaiweka kwenye mishale, mnyama akianguka mbali ijulikane ni mshale wa nani. Tunaiweka kwenye mizinga ya nyuki na kwenye ng'ombe. Mtu haazimi alama ya wenyewe, hata akiwa mwizi. Wazee walisema watu wetu walikuwa wakishuka pwani na misafara ya pembe, na wengine hawakurudi. Tulidhani waliliwa na simba." Alipitisha kidole juu ya mistari, na macho yakamlowa bila aibu yoyote. "Kumbe mmoja alikuwa anachonga tu."

Saa nane kamili Bwana Dedan alifika kituoni kwa suti, tayari kukabidhiwa. Nasike alimkalisha mbele ya bunduki iliyofungwa upya na kumwomba asome karatasi yake mwenyewe kwa sauti.

"'Hakuna kitu, mbao safi, laini kama meza hii,'" alisoma Dedan.

Nasike alichomoa vijiti, akainua mtutu.

Wasemao husema njia ya mwongo ni fupi. Hii haikufika hata sentimita tano. Dedan aliitazama alama, akamtazama Inspekta, akatazama mlango, ambapo Salad alikuwa amesimama akitabasamu kwa ukarimu.

"Pengine... mfanyakazi wangu aliichora."

"Chini ya vumbi la miaka mingi? Na huyo mfanyakazi alipaka Kiwi ya miaka thelathini kwa miezi minne? Na akageuza mti wa Ulaya ukawa mbambakofi?"

Dedan alilegeza tai. Kuna mteja, alisema, mgeni anayejenga hoteli, aliyetaka bunduki halisi ya misafara na hakutaka nyingine. Mzee alikataa kuuza. Mzee alimtukania mke. Alidhani mzee wa duka la mchele hangekuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha, na alikuwa sawa kabisa: hakuwa nayo.

"Kutoa habari za uongo kwa polisi," alisema Nasike. "Konstebo, mwonyeshe bwana benchi. Kabla hajakaa, mtoe Mzee Faki."

Kwenye Landrova, Faki alikaa mbele na bunduki katikati ya magoti yake, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda vita peke yake. Nasike alimwachia mpaka walipopita mzunguko wa kwanza, kisha akamweleza habari ya tezo la Maingi.

"Mimi?" alisema Faki. "Mkamba? Mimi, Faki bin Abdurahim bin Omari bin Fundi Abdurahim bin..."

Salad, nyuma ya usukani, alijifanya anashughulika na gia.

"Bin nani, mzee?" aliuliza Nasike.

"Hapo ndipo mwisho," alisema Faki. "Kila nilipomwuliza baba, alisema hapo ndipo mwisho, watu wa ukoo wetu wanaanzia hapo. Watu wengine wa Mombasa walikuwa na majina kumi, kumi na mawili. Walitucheka msikitini. Mimi nilikuwa naongeza mawili ya kutunga." Aliushika mtutu kwa nguvu. "Tafadhali usimwambie mtu yeyote. Si leo."

"Sitamwambia mtu," alisema Nasike, na alimaanisha. Hakukumbuka kwamba watu ishirini wa Gikomba walikuwa wanajua tayari.

Walifika saa kumi kasoro dakika tano. Vigelegele vilipasua mtaa. Salme alisukuma shangazi na kumkumbatia baba yake, hina imekauka sasa, na Faki alilia mbele ya wageni wote bila kujali kanzu. Alivaa nyingine, akakaa kwenye mkeka mbele ya shehe, akaushika mkono wa bwana harusi, na sauti yake ilipomwozesha binti yake ilisikika mpaka barabarani. Nasike alipewa sahani ya pilau na chai, na akaona dunia imekaa sawa.

Ndipo upande wa bwana harusi walipoinuka kumchukua bibi harusi, na wakakuta mlango umezibwa.

Maingi alikuwa amesimama kizingitini, koti jeusi la kanisani limefungwa vifungo vyote, na nyuma yake wachongaji sita waliooga. Alikuwa amevua viatu kwa heshima ya nyumba, lakini hakusogea.

"Vigelegele vyenu nimevisikia," aliwaambia wageni kwa upole. "Mimi ni wa ukoo wa bibi harusi. Binti yetu haondoki hivi hivi. Mbuzi wako wapi?"

"Mbuzi gani?" alifoka mjomba wa bwana harusi. "Mahari tumetoa!"

"Mahari ni ya msichana. Mbuzi ni wa ukoo. Kwetu ni watatu."

"Ukoo gani? Mzee Faki, huyu ni nani?"

Watu wote waligeuka kumtazama Faki. Nasike aliweka kikombe chini. Alitamani ardhi imfunike. Faki, bado juu ya mkeka, alimwangalia mzee yule mwembamba aliyekuja bila kualikwa, na vumbi la mbao ambalo maji hayakuweza kulitoa kwenye nyusi zake. Kisha aliinuka. Alipita katikati ya wageni miguu mitupu, akafika mlangoni, akajipanga bega kwa bega na Maingi, na kuwageukia wakwe zake.

"Mmemsikia kaka yangu," alisema. "Watatu. Na wasiwe wamekonda."